Nondo wa tropiki: uanze na Sphingidae, Saturniidae au Arctiinae?

Anayetaka kujifunza mageuko ya viumbe na uainishaji wao akiwa Afrika Mashariki hahitaji kusafiri hadi Amazoni. Tundika shuka jeupe kando ya msitu usiku usio na mbalamwezi, washa taa kali mbele yake, na kabla ya saa tano utakuwa na wageni wengi kuliko unavyoweza kuwahesabu. Hapo ndipo shida inapoanza. Vipepeo na nondo waliokwisha kupewa majina duniani ni spishi zipatazo 160,000, na walio wengi sana kati yao ni nondo. Huwezi kuwasoma wote. Ni lazima uchague kundi moja, uzame humo.

Makundi matatu ndiyo yanayowavuta zaidi wanaoanza. Sphingidae ni wale wenye mwili mnene uliochongoka nyuma, mabawa membamba na mwendo wa kasi. Wengi wao huelea hewani mbele ya ua na kunyonya bila kutua. Saturniidae ni majitu ya usiku, wenye mabawa mapana yaliyopambwa madoa kama macho, na wengine wana mikia mirefu. Arctiinae ni wadogo hadi wa kati, wa rangi kali: weupe wenye nukta nyekundu na nyeusi, wa njano wenye mistari, na wengine weusi wenye mikanda, wanaoruka mchana na kufanana na nyigu.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa mtu asiye na maabara, Sphingidae ndio wa kuanza nao. Anayetaka kuongeza kitu kipya katika elimu hii, kazi kubwa iliyobaki iko kwa Arctiinae. Saturniidae wana sababu zao nyingine za kuchaguliwa, nami nitazieleza.

Undugu na wingi wao

Sphingidae na Saturniidae ni ndugu. Wote wamo katika familia ya juu (kundi linalokusanya familia kadhaa) ya Bombycoidea, pamoja na nondo wa hariri anayefugwa, Bombyx mori. Arctiinae wako mbali nao, ndani ya Noctuoidea, familia ya juu iliyo kubwa kuliko zote za nondo, yenye spishi zaidi ya 40,000.

Wingi wenyewe tayari ni kigezo. Orodha ya dunia ya Bombycoidea iliyotoka 2018 iliwapa Sphingidae spishi zipatazo 1,600 na Saturniidae kama 3,400. Arctiinae wanakisiwa kufika 11,000. Mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuwafahamu Sphingidae wote wa eneo lake kwa misimu michache ya mvua. Kwa Arctiinae asitarajie hivyo.

Majina: nani anatambulika, nani anasumbua

Sphingidae walipata bahati mapema. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan, wakifanya kazi na mkusanyo mkubwa wa Tring huko Uingereza, walichapisha mapitio ya familia nzima. Hawakuangalia rangi peke yake. Walichunguza viungo vya uzazi, miiba ya miguu na umbo la sehemu za mdomo, na mpangilio wao ukatumika kwa vizazi. Kwa Afrika, Robert Carcasson wa makumbusho ya Nairobi alitoa katalogi iliyosahihishwa ya Sphingidae wa bara hili katika miaka ya 1960. Uchunguzi wa jeni ulipokuja, ule wa 2009 ulihamisha baadhi ya jenasi (makundi ya spishi zilizo karibu) na makabila (makundi ya jenasi), ila sura kubwa ya familia ilibaki inatambulika katika nusufamilia zake: Macroglossinae, Sphinginae na Smerinthinae.

Kwako wewe unayeanza, maana yake ni kwamba picha nzuri ya simu mara nyingi inatosha kukupa jina. Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, ana mabawa ya kijivu, lakini ukimfunua ubavuni mwa fumbatio, yaani tumbo lake, utaona mikanda ya waridi na nyeusi iliyopangana kwa zamu. Hippotion celerio ana mstari wa fedha unaokata bawa la mbele kwa mshazari hadi kwenye ncha, na bawa la nyuma lina wekundu karibu na mwili. Sura ya nje inakuambia mengi.

Kwa Saturniidae kuwajua kwa jumla ni rahisi, kuwajua kwa undani ni kazi. Mfano mzuri ni kiwavi maarufu wa miti ya mopane kusini mwa Afrika. Mtaalamu wa wadudu John Westwood alimwelezea nondo wake mwaka 1849. Leo ukifungua vitabu viwili utamkuta kwenye kimoja ni Gonimbrasia belina na kwenye kingine ni Imbrasia belina. Mdudu ni yule yule. Wataalamu hawajakubaliana mpaka wa jenasi hizo upite wapi. Na hao ndio wanaofahamika sana.

Juu ya hilo kuna suala la misimbo ya DNA. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande kimoja cha jeni ya mitokondria, COI, chenye herufi kama 650, kitumike kutambulisha wanyama. Saturniidae wakawa miongoni mwa waliopimwa kwa wingi, na idadi ya spishi ikapanda haraka. Nondo waliokuwa wakihesabiwa spishi moja kutoka Senegali hadi Msumbiji waligawanywa wakawa kadhaa. Baadhi ya migawanyo hiyo ina haki kabisa: DNA inatofautiana, viungo vya uzazi vinatofautiana, na mimea wanayokula ni mingine. Mingine naiona imekimbilia kwenye hitimisho. Jeni za mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo zinasimulia upande mmoja wa ukoo. Tena bakteria wa Wolbachia, wanaoishi ndani ya wadudu wengi, wanaweza kusambaza aina moja ya mitokondria katika jamii nzima na kuivuruga picha. Tofauti ya asilimia mbili kwenye kipande kimoja cha jeni ni ishara ya kuchunguza zaidi. Haitoshi kuwa hukumu. Ukichagua Saturniidae, ujue kwamba utaishi na mjadala huu.

Tukija kwa Arctiinae, hapa uainishaji wenyewe ndio unaosisimua. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa familia kamili, Arctiidae, na vitabu vingi vilivyomo maktabani bado vinawaita hivyo. Kisha uchunguzi wa jeni wa Reza Zahiri na wenzake, uliochapishwa 2011 na 2012, ulionyesha kuwa ukoo huu umechipuka ndani kabisa ya kundi jingine kubwa. Ukiwaacha Arctiidae peke yao, kundi linalobaki linakuwa limekatwa kipande, halina tena ukoo kamili. Suluhisho likawa kuwashusha: sasa ni nusufamilia ya Arctiinae ndani ya familia ya Erebidae. Wapo walionung'unika. Nami naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu jina la kundi linapaswa kufuata ukoo, hata kama mazoea yanaumia.

Angalia sasa jambo lililo mlangoni petu. Katika bustani za Pwani utamwona Amata akiruka mchana polepole, mweusi mwenye vidirisha vyeupe mabawani na mikanda fumbationi. Jirani yake yuko Euchromia, naye mweusi, mwenye madoa ya njano au rangi ya chungwa na mng'ao wa buluu. Wote wawili wanaiga nyigu. Zamani nondo wa namna hii, wa Afrika, Asia na Amerika, waliwekwa kwenye kapu moja la familia kwa kuwa wanafanana. Uchunguzi wa maumbo ya ndani na baadaye wa DNA ulilivunja kapu hilo. Amata na jamaa zake, Syntomini, ni ukoo wa Dunia ya Kale (Afrika, Asia na Ulaya) uliojitenga zamani. Euchromia yuko katika kundi la Euchromiina, ambalo jamaa zake walio wengi wako Amerika ya tropiki, ndani ya kabila la Arctiini. Kufanana na nyigu kumetokea mara zaidi ya moja, kwa njia tofauti. Vilevile Thyretidae, waliokuwa wakihesabiwa familia yao wenyewe ya Kiafrika, wameonekana kuwa ni Syntomini. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa macho yake kwa nini sura hudanganya, hatapata somo bora kuliko kuwaweka Amata na Euchromia kando kwa kando na kukagua mishipa ya mabawa yao.

Jibu la kila kundi kwa popo

Sababu ya pili ya kuchagua kundi ni swali la mageuko linalokuvutia. Makundi haya matatu yanaweza kulinganishwa kwa swali moja: wanafanyaje na popo? Popo huwinda kwa mwangwi, wakitoa sauti za masafa ya juu mno na kusikiliza zinaporudi. Nondo asiye na jibu huliwa.

Saturniidae hawana masikio ya kusikia popo. Wengi wao pia hawali chochote wakishapevuka. Sehemu za mdomo zimedumaa, na wanaishi siku chache kwa akiba ya mafuta waliyojiwekea wakiwa viwavi. Baadhi yao jibu lao liko kwenye mabawa. Majaribio yaliyochapishwa 2015 kwa kumtumia Actias luna wa Amerika ya Kaskazini yalionyesha kuwa mikia yake mirefu, inayojizungusha anaporuka, humvuta popo apige mkia badala ya mwili. Waliokatwa mikia walikamatwa zaidi. Uchunguzi wa 2018 ukaongeza kwamba mikia mirefu ilijitokeza mara kadhaa, katika matawi mbalimbali ya familia hii. Sisi tunaye Argema mimosae, wa kijani chepesi chenye mikia ya wekundu wa udongo, na Madagaska wanaye Argema mittrei aliye mkubwa zaidi.

Sphingidae wamepata masikio, ila mahali pasipotarajiwa: kwenye sehemu za mdomo. Na walipata mara mbili, kila ukoo kivyake. Mmoja ni wa Hippotion na Theretra, mwingine ni wa Acherontia na jamaa zake. Mwaka 2013 Jesse Barber na Akito Kawahara waliripoti kutoka Malaysia kwamba baadhi ya Sphingidae huwajibu popo kwa sauti za masafa ya juu, wakizitoa kwa kusugua viungo vya uzazi kwenye fumbatio.

Arctiinae ndio waliofika mbali kuliko wote. Masikio yao yako nyuma ya kifua, urithi wa Noctuoidea wote. Uchunguzi mkubwa wa jeni wa 2019 ulikadiria kuwa masikio ya koo kadhaa za nondo yalikuwepo mamilioni ya miaka kabla ya popo kutokea, kwa hiyo hayakuanza kama silaha dhidi yao. Wengi wa Arctiinae wana pia kipande chenye mikunjo ubavuni mwa kifua ambacho hutoa sauti za tik-tik kinapobonyea. Sauti hiyo humwonya popo kwamba mlengwa ni mchungu. Kwa Bertholdia trigona wa Amerika, utafiti wa 2009 ulithibitisha kitu kikubwa zaidi: sauti zake ni nyingi na za haraka kiasi cha kuvuruga mwangwi wa popo, naye akakosa shabaha.

Uchungu wenyewe unatoka kwenye mimea. Utetheisa pulchella, mweupe mwenye nukta nyekundu na nyeusi, kiwavi wake hula marejea, ile mimea ya jenasi ya Crotalaria ambayo wakulima hupanda kurutubisha udongo. Marejea ina sumu za alkaloidi. Kiwavi anazila na kuzihifadhi mwilini hadi anapokuwa nondo. Kwa jamaa yake wa Amerika, Utetheisa ornatrix, Thomas Eisner na wenzake walionyesha kuwa dume humpa jike sehemu ya sumu hiyo wanapopandana, na jike huiweka kwenye mayai. Buibui akimnasa nondo huyu kwenye utando, humkata nyuzi na kumwachia aende. Ukiwa na shamba la marejea jirani, umepata mahali pa kufanyia utafiti pasipo gharama.

Mrija wa Xanthopan

Kwa Sphingidae kuna kisa ambacho naamini kila mwalimu wa baiolojia angekitumia. Mwaka 1862 Charles Darwin alipokea maua ya okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, yenye mrija mwembamba wa karibu sentimita 30 na nekta chini kabisa. Akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Mwaka 1867 Alfred Russel Wallace akaandika kwamba nondo huyo atafutwe kwa imani ile ile waliyokuwa nayo wanaastronomia walipoitafuta sayari ya Neptune. Mwaka 1903 Rothschild na Jordan wakamwelezea na kumpa jina la praedicta, aliyetabiriwa, wakimhesabu kuwa nususpishi ya Xanthopan morganii wa bara la Afrika. Mwaka 2021, baada ya kulinganisha maumbo na DNA, wataalamu wakampandisha kuwa spishi kamili, Xanthopan praedicta. Ulimi wa nondo huyu, ambao nao ni mrija, ule mrefu kuliko zote zilizopimwa ulikuwa sentimita 28.5.

Xanthopan morganii yupo Kenya na Tanzania pia, na mrija wake ni mfupi kuliko wa ndugu yake wa kisiwani. Kwa hiyo swali la Darwin si la Madagaska tu. Okidi zetu za jenasi ya Aerangis nazo huchavushwa na Sphingidae, na Dino Martins na Steven Johnson walilichunguza jambo hilo Kenya.

Shambani na sokoni

Hapa Sphingidae wanaongoza kwa faida na hasara pamoja. Martins na Johnson walionyesha katika utafiti wa 2009 huko Kerio kwamba mipapai inawategemea nondo hawa kwa uchavushaji, na ukaribu wa mashamba na uoto wa asili unaleta tofauti. Wakati huohuo viwavi wa Agrius ni wasumbufu kwenye viazi vitamu, na Acherontia atropos huingia mizinga ya nyuki kuiba asali.

Saturniidae ni chakula. Kongo, sokoni Kinshasa na kwenye miombo ya Katanga, viwavi wao ni kitoweo chenye protini nyingi, na kusini mwa bara kiwavi wa mopane ni biashara kamili. Anayetaka kuunganisha uainishaji na lishe ya watu asitafute kundi jingine. Lakini asiwachague kwa ajili ya hariri akidhani hariri ya pori ya Kenya inatoka kwao: ya Mwingi hutokana na Gonometa, wa familia ya Lasiocampidae, na ya Kakamega hutokana na Anaphe, ambaye naye si Saturniidae.

Arctiinae, kwa upande huu, hawana mengi ya kudai.

Kuwafuga na kuwahifadhi

Saturniidae ndio rahisi kufuga. Mchukue kiwavi pamoja na tawi alilokutwa nalo, andika jina la mti, mbadilishie majani. Usingoje kifukofuko kwa kila mmoja: wengi wa Bunaeini wetu (kabila mojawapo la Saturniidae), kama Bunaea alcinoe, huchimba ardhini kugeuka bundo, hatua ya kati ya kiwavi na nondo, kwa hiyo weka udongo laini wa kina cha kiganja. Sphingidae wengi wanataka udongo vilevile. Jike la Saturniidae likitoka, liweke kwenye tundu la wavu nje usiku; harufu yake itayavuta madume kutoka mbali, na vipapasio vyao vya manyoya vitakueleza jinsi walivyofika. Kwa klabu ya shule hakuna kitu cha kuwashika watoto kama hicho, na ndiyo sababu mwalimu akiniuliza humwambia Saturniidae bila kusita.

Arctiinae wana ugumu wao. Wale wa kabila la Lithosiini, kwa mfano, viwavi wao hula likeni zinazoota kwenye magome na mawe, na kuzipata mbichi kila siku ni kazi.

Kwa yeyote kati yao, kukusanya ndani ya hifadhi kunahitaji kibali: Tanzania utaanzia tume ya sayansi, COSTECH, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI; Kenya, tume ya sayansi, NACOSTI, na shirika la wanyamapori, KWS. Vielelezo vya Pwani huharibiwa na ukungu na sisimizi haraka. Viweke kwenye sanduku linalofunga vizuri.

Kwa hiyo uchague nani

Kama una simu na shuka tu, na unataka kuona jina likithibitika mwezi huu, chukua Sphingidae, na utafute mpapai unaochanua jioni. Kama una watoto wa kufundisha, au unasoma lishe na misitu, chukua Saturniidae, ukiwa tayari kubadilisha lebo majina ya jenasi yanapohama. Kama uko chuoni, una darubini na mtu wa kukuelekeza namna ya kutayarisha viungo vya uzazi, nakusihi uchukue Arctiinae, hasa Syntomini wa Afrika na wale Lithosiini wadogo wa kijivu ambao wengi huwapita. Piga picha ya bawa la nyuma pia, hifadhi mguu mmoja kwenye spiriti kali kwa ajili ya DNA, na kwenye lebo usiishie kwenye tarehe na jina la kijiji: andika mmea aliokutwa nao, na saa aliyofika kwenye shuka.